Uzi maalumu: Ligi za madogo mitaani Mbeya, waliozianzisha na mbuzi aliyezimaliza

#1 Kipyenga cha Ilomba

Wakuu, salaam.

Kila tukikaa kuzungumza mpira wa Mbeya tunaanzia Uwanja wa Sokoine. Tukuyu Stars walipanda na kubeba ubingwa wa Bara 1986, msimu wao wa kwanza tu. Prisons wakabeba ubingwa wa Muungano 1999. Mbeya City wakapanda 2013 na Juma Mwambusi wao, wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Hayo hata mtoto wa chekechea wa Mwanjelwa anayajua. Mimi nataka tuandike ya chini yake: ligi za watoto wa miaka 10 mpaka 15 za huku Ilomba, Sae, Isyesye na Uyole, zisizo na ofisi wala akaunti benki, zilizoendeshwa na watu ambao hawakulipwa hata soda. Waliozianzisha wanazeeka, na madaftari yao yako uvunguni yanaliwa na mchwa.

Mtoto wa kizazi chetu alikuwa na njia mbili. Moja ni chandimu: mpira wa makaratasi na nailoni uliofungwa kamba ya katani, magoli ya matofali, mwenye mpira ndiye refa, ndiye nahodha, ndiye FAT (chama cha soka cha enzi zile). Njia ya pili ni shule. UMITASHUMTA kwa msingi, UMISSETA kwa sekondari, unapanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hiyo ikasimamishwa, ikaja kurudi awamu ya nne. Walimu wa michezo wakabaki na filimbi mfukoni na watoto wakabaki na jioni nzima. Kwetu hapo ndipo ligi ya mtaa ilipozaliwa.

Walianza watatu: mwalimu mmoja wa shule ya msingi, fundi baiskeli, na kijana wa kwaya ya Moravian aliyekuwa na mwandiko mzuri. Huyo wa mwandiko ndiye aliyekuwa ligi yenyewe, msicheke. Aliandika ratiba kwenye karatasi ya manila, akaibandika ukutani kwenye banda la fundi, na kila Jumapili jioni akaandika msimamo kwa kalamu nyekundu. Watoto walikuwa wanakuja kuusoma kama matokeo ya darasa la saba.

Magoli yalikuwa ya milingoti, mwamba wa juu ukiwa kamba. Ndio maana nusu ya ugomvi wa ligi ile ulikuwa "mpira umepita juu ya kamba au chini yake". Mistari tulichora kwa majivu tuliyoomba kwa mama ntilie, na mwaka wenye mashine za mpunga jirani tulitumia pumba. Upepo wa Agosti ukija, kipindi cha pili eneo la hatari linakuwa la kukadiria. Mpira namba 4 kwa wadogo, namba 5 kwa wakubwa. Kila timu inatoa ada kidogo, na timu mwenyeji inaleta mpira.

Kalenda ndiyo iliyokuwa kichwa cha yote, na hapa watu wa Dar hawatatuelewa. Mvua kwetu inaanza Novemba na inaweza kutufikisha Mei, kwa hiyo ligi ni kiangazi tu. Juni na Julai ni baridi ya huku juu, karibu mita 1,700, ukimvua mtoto sweta saa moja asubuhi mama yake anakufuata na mwiko. Jumapili asubuhi ni ibada. Jumamosi tulikuwa na timu yenye Wasabato wengi, hawachezi mpaka jua lizame, na jua likizama hakuna mpira. Ikabaki Ijumaa baada ya masomo na Jumapili mchana. Kijana wa mwandiko aliipanga hiyo kwa penseli na kifutio, na hakuna timu iliyowahi kulalamika kwamba imeonewa ratiba.

Ligi ile haikuwa na zawadi. Bingwa alipewa mpira mmoja mpya, na mpira ule ule ndio uliofungulia msimu unaofuata. Ilidumu.

Ikaja mwaka wa uchaguzi. Mheshimiwa mtarajiwa mmoja (jina tuliache, na kata yake tuiache) akasema atadhamini. Mbuzi kwa bingwa, jezi kwa mshindi wa pili. Ndani ya wiki mbili madogo wakaanza kuota ndevu. Vijeba kutoka huko wanakojua wao, mamluki waliokodiwa kwa nauli na chipsi, watu wazima wanawekeana dau nje ya mstari. Watoto waliocheza mechi zote za makundi walikaa kwenye majani wakitazama fainali. Fainali haikwisha, refa alikimbilia nyumba ya jirani. Mbuzi alichinjwa jioni ile na katika waliomla sikuona mtoto hata mmoja.

Msimu uliofuata tulipopita kuomba ada, timu zikajibu: "Tunamsubiri mdhamini." Yule mheshimiwa alishapata alichokitaka, hakurudi. Karatasi ya manila haikubandikwa tena kwa miaka kadhaa.

Msimamo wangu, ili tubishane vizuri: ligi nyingi za madogo hazikufa kwa kukosa hela. Zilikufa siku hela ilipoingia kupitia kwenye kombe badala ya kupitia kwenye mpira, filimbi na nauli ya refa.

Karibuni. Wa Iringa, Njombe, Tunduma, Tukuyu, leteni ya kwenu.

#2 Mwanjelwa Asilia

Bila picha uzi haujakamilika 😂

Ila mkuu umenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa tunapakiwa kwenye kirikuu watoto kumi na nane na kocha, tunaimba kutoka Kabwe mpaka Iyunga, tukirudi tumefungwa tunaimba vilevile. Uwanja wa Ruanda Nzovwe nao tulicheza sana kabla mikutano ya hadhara haijatutoa. Ukifika na mpira unakuta jukwaa.

#3 Mwalimu wa Zamu

Kipyenga, nakubaliana na sehemu, lakini usiipambe UMITASHUMTA kupita kiasi. Nimekuwa mwalimu wa michezo miaka hiyo. Ile ilikuwa michezo ya waliochaguliwa. Shule ina watoto mia nane, wanaokwenda kata ni kumi na sita. Waliobaki walikuwa watazamaji tangu zamani, kabla hata haijasimamishwa.

Kuna kundi umelisahau, na ndilo lililojaza ligi zenu: waliomaliza darasa la saba wakakosa nafasi. Kabla ya shule za kata kuenea chini ya MMES, mpango wa elimu ya sekondari ulioanza 2004, mtoto wa miaka 14 asiyechaguliwa alikuwa hana shule, hana kazi, hana pa kwenda. Anapakua mizigo Soweto sokoni au anachunga. Yule hakuwahi kuwa na UMISSETA ya kusimamishwa. Ligi ya mtaa ilikuwa mahali pekee ambapo jina lake liliandikwa na mtu mzima kwenye karatasi.

Halafu kuna suala la viwanja. MMEM, mpango wa elimu ya msingi, ilianza 2002, ada ikafutwa, watoto wakafurika darasa la kwanza, tukahitaji madarasa. Tuliyajenga wapi? Pale palipokuwa wazi. Shule niliyofundisha ilikuwa na uwanja kamili, leo una madarasa manne na vyoo, kilichobaki hakitoshi hata netiboli. Siwezi kulaani darasa. Ila ukitafuta muuaji wa ligi za madogo usimwandame mbuzi peke yake.

#4 Kipyenga cha Ilomba

Shikamoo mwalimu. Hilo la darasa la saba nalipokea kwa mikono miwili, na kweli kwetu timu moja nzima ilikuwa ya wapakuaji wa sokoni. Walikuwa wanachelewa kila mechi kwa sababu ya fuso za viazi, tukawa tunawapangia mechi ya mwisho.

#5 Kihesa Juu

Kamwene wadau.

Iringa hadithi inafanana ila mimi napinga hitimisho. Sisi tulikuwa na Lipuli Ligi Kuu kuanzia 2017, 2019 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Ilulu, Lindi, wakafungwa na Azam 1-0. Mji ulikuwa unawaka. Leo nenda Uwanja wa Samora uone. Timu kubwa ilikosa hela, ikaporomoka. Sasa wewe unaniambia hela ndiyo ugonjwa?

Mtaani kwetu ligi ya watoto ilibebwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwa miaka yote hakutoa kombe. Alitoa mipira na nyavu, na aliikabidhi shule, mwalimu mkuu akasaini. Masharti yake yalikuwa moja tu: mtoto asiyeonekana darasani wiki hiyo hachezi. Diwani alipokuja na mbuzi wake akaambiwa karibu, mbuzi achinjwe, aliwe na timu zote siku ya ufunguzi. Alikuja. Wali nyama, watoto wakala, ligi ikaanza kesho yake bila cha kugombea.

Kwa hiyo mdhamini si tatizo, tatizo ni nani anaandika kanuni kabla hajafika.

#6 Kipyenga cha Ilomba

Mbuzi siku ya ufunguzi! Hiyo mbona hatukuiwaza. Mkuu Kihesa umenipiga tobo, ila soma tena nilichoandika: hela ikipitia kwenye mpira na nyavu sina ugomvi nayo. Mwenye duka wenu ndiye ninayemtaka.

#7 Mama Mabeki

Habari zenu. Nasoma hapa naona mwalimu, fundi, kijana wa kwaya, mwenye duka. Naomba niulize: jezi zilijifua?

Mimi ni mama wa mabeki wawili, mmoja wa kulia na mmoja wa kati. Jezi za timu zilikuwa seti moja, zinachezewa Ijumaa na Jumapili. Vumbi jekundu la Uyole mnalijua. Kinamama wanne tulizifua kwa zamu, Julai, maji ya bomba yakikata vidole. Uji wa mapumziko nani alipika? Mtoto aliyevunjika mkono nani alikwenda kukesha naye hospitali ya rufaa wakati kocha anajadili kadi nyekundu? Kwenye madaftari yenu sidhani kama tumo.

Na mabinti je? Binti yangu alikuwa anawapiga chenga kaka zake wote wawili, kocha akasema "mwache atakuwa anabeba maji". Serengeti Girls walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 India 2022, yule yule kocha alikuja kwangu kuangalia mpira na kushangilia. Nilimpa kikombe cha maji.

#8 Mwanjelwa Asilia

Kikombe cha maji 😂😂 Mama umeua.

#9 Kipyenga cha Ilomba

Mama, ndaga fijo (asante sana) kwa hilo. Daftari la ada ninalo nakala na nimelifungua sasa hivi: jina la mwanamke ni moja, limeandikwa kwenye "deni la uji". Mwenye kumbukumbu za kina mama wengine wa mitaa hii aje atuandikie alichofanya kila mmoja, majina waulizwe wenyewe kwanza.

#10 Mdudu Mtu

Mnajisifia bure. Hao wa kujitolea walikula. Ada za timu zilikwenda wapi? Mpira mmoja kwa mwaka? Sisi kwetu Iyela mweka hazina alinunua baiskeli katikati ya msimu. Neno "kujitolea" Tanzania maana yake hakuna anayekuuliza risiti.

#11 Refa Mstaafu Sinde

Mdudu Mtu anaongea kwa ukali lakini lipo la kujibu. Nimechezesha mechi za watoto nyingi kuliko za wakubwa. Nilikuwa napewa nauli, mara nyingine napewa viazi. Niliona ligi zenye usafi na zenye uchafu, na tofauti ilikuwa ndogo sana: zile safi mapato yaliandikwa kwenye ile ile karatasi ya ratiba, ukutani. Ada imeingia kiasi hiki, filimbi imenunuliwa kwa hiki. Mtoto wa darasa la tano anasoma. Zile nyingine daftari lilikuwa mfukoni mwa mtu.

Sasa kuhusu vijeba, ambao ndio walionistaafisha. Wenye umri wangu wanakumbuka kipimo cha kuandikishwa shule: zungusha mkono juu ya kichwa uguse sikio la pili. Basi kuna kocha alikuja na hoja hiyo kwenye rufaa ya U-15! Kijana ana kidevu kimenyolewa asubuhi, anaambiwa aguse sikio. Akagusa, bila shaka. Hata baba yake angegusa.

Tusidhani ni ujinga wa mchangani. Serengeti Boys wenyewe waliondolewa fainali za vijana za Afrika za 2005 kwa ajili ya umri. FIFA walianza kupiga vifundo vya mikono picha za MRI kwenye Kombe la Dunia la U-17 mwaka 2009. Sisi huku tulikuwa na kadi ya kliniki, ambayo inaazimwa kama sufuria.

Kilichokuja kutusaidia hakikutoka kwenye mpira kabisa. RITA, wakala wa vyeti vya kuzaliwa, walipoanza mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, Mbeya ndio ulikuwa mkoa wa kwanza, 2013. Vyeti bure, pale pale kliniki na kwenye ofisi za kata. Piga hesabu: aliyezaliwa 2010, 2011, 2012 na akasajiliwa ana cheti tangu mtoto, kimeandikwa kabla mtu yeyote hajawaza kwamba atakuwa mshambuliaji. Kijeba wa kizazi hicho inabidi awe alidanganya umri akiwa ananyonya.

#12 Mdudu Mtu

Mzee wa Sinde hapo nimecheka. Sawa, la ukutani nakubali. La baiskeli bado halijajibiwa.

#13 Mbeya Mpaka Mathare

Niongeze la jirani maana nimeishi Nairobi. Kuna MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kilianzishwa 1987 na Mkanada mmoja, Bob Munro, pamoja na vijana wa pale. Kilianza kama ligi ya watoto wa mtaa wa mabanda. Kanuni yao kubwa: timu ikifanya usafi wa mtaa, kuzoa taka na kuzibua mitaro, inapata pointi zinazoingia kwenye msimamo wa ligi. Unaweza kufungwa uwanjani ukapanda kwa chepe. Wakawa pia na kadi ya kijani, anapewa mtoto aliyeonyesha uungwana. Vijana wenyewe ndio makocha na marefa wa wadogo zao. Mathare United ikazaliwa humo 1994, ikabeba ubingwa wa Kenya 2008, na Dennis Oliech alipitia huko.

Na Wamarekani wana AYSO, ilianza 1964 Torrance, California, ya wazazi wa kujitolea. Wao kanuni yao kila mtoto lazima acheze angalau nusu ya mechi, awe mzuri awe gogo. Jaribu kuiweka hiyo Mafiati uone makocha watakavyokupigia kelele. Lakini ndiyo dawa ya yale ya fainali ya mbuzi: ukilazimishwa kuchezesha wote, mamluki hana faida.

#14 Mwalimu wa Zamu

Hiyo ya nusu mechi nilijaribu shuleni. Kelele hazikutoka kwa makocha, zilitoka kwa watoto wenyewe. "Mwalimu, huyo akiingia tunafungwa." Nilishikilia mwezi mmoja. Baadaye yule gogo akawa kipa mzuri, lakini si kwa sababu ya kanuni, ni kwa sababu alirefuka.

Pointi za usafi naziogopa zaidi. Kwenye mji wetu timu ya mtaa wenye lami ingeomba takataka mtaa wa pili.

#15 Kihesa Juu

Sisi tunayo nusu ya hiyo: timu mwenyeji ndiyo inayofyeka uwanja, isipofyeka inapoteza mechi mezani. Inatosha.

#16 Kipyenga cha Ilomba

Nirudi kwa Mdudu Mtu maana amesubiri. Baiskeli ya Iyela siijui. Kwetu ada ilikuwa inakwisha katikati ya msimu kila mwaka, na fundi baiskeli ndiye aliyekuwa anajaza pengo. Ukihesabu hivyo yeye ndiye aliyekuwa mdhamini mkuu kuliko mheshimiwa, kwa miaka mingi, na hajawahi kupanda jukwaani.

Na kwa wanaouliza kama ligi imerudi: imerudi, ndogo. Walioirudisha ni vijana waliocheza ile ya kwanza, sasa ni baba wa watoto. Manila imehamia kwenye kundi la WhatsApp, jambo ambalo mimi binafsi silipendi, maana msimamo wa ukutani unasomwa na mtoto na msimamo wa simu unasomwa na baba. Tumekubaliana vyote viwili.

#17 Mgeni wa Mbalizi

Wakuu nimesoma uzi wote siti ya mbele. Mbalizi tunataka kuanza U-13 mwaka huu, timu sita zimekubali. Tuna uwanja wa shule, mwalimu mkuu ametoa kibali kwa mdomo. Tuanzie wapi? Na rufaa za umri mnaziendeshaje msipigane?

#18 Mwalimu wa Zamu

Kibali cha mdomo kinahama na mwalimu mkuu akihamishwa. Mwombe aandike, nakala ofisi ya mtendaji wa kata. Na mpitie kwa afisa michezo wa halmashauri mapema. Kwa ligi ya watoto wa mtaa kinachowafaa ni kutambulika, ili siku ya mkutano wa hadhara mjue wa kumlilia.

#19 Refa Mstaafu Sinde

Timu sita, nyumbani na ugenini, ni raundi kumi. Mkianza shule zikifunga Juni mnamaliza kabla ya mitihani ya darasa la saba, mkiacha wiki mbili za dharura. Msicheze dakika 90, wadogo hao nusu saa kila kipindi inawatosha. Mpira namba 4.

Refa asitoke mtaa wowote wa zile timu mbili zinazocheza. Hata kama ni mtakatifu.

#20 Kipyenga cha Ilomba

Rufaa ya umri sisi tunafanya hivi: vyeti vyote vinakaguliwa kabla ya msimu, makocha wote sita mezani, kila mmoja anakagua vya mwenzake. Nakala zinabaki kwa mwalimu, si kwa kocha. Anayekata rufaa baada ya hapo analeta ada ya rufaa, akishinda anarudishiwa, akishindwa inanunua chokaa. Mwisho wa kupokea ni Jumatatu saa kumi na mbili jioni, ikipita hapo matokeo yanasimama.

Na kama kuna mtu ameshaahidi mbuzi, mwambieni siku ya ufunguzi.